Upasuaji wa kupunguza unene ukishindwa: Usikimbilie wa pili kabla hujajua kilichoharibu wa kwanza

AFYA NA USAFI
Na Tabibu Wetu, Gehandu, Manyara





Wiki hii safu yetu inazungumzia jambo ambalo miaka ya nyuma lisingepata msomaji huku kwetu Hanang na Mbulu. Maradhi ya unene tuliyaona ni ya watu wa mjini, na mtu mnene tulimhesabu kuwa amejaaliwa neema. Leo hali imebadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015/16 ulionesha kuwa zaidi ya robo ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2022 ukaonesha kuwa wamezidi theluthi. Presha, kisukari na maumivu ya magoti tunayapima kila siku, mjini na vijijini.

Kwa sababu hiyo wapo ndugu zetu waliokwenda kutafuta tiba ya hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, katika miaka hii ya 2020 imekuwa ikiweka puto maalumu tumboni kwa watu wenye unene. Wengine wamekwenda Nairobi, India au kwa jamaa zao walioko nchi za Ghuba wakafanyiwa upasuaji kamili. Wengi wamenufaika, alhamdulillah. Lakini wapo ambao uzito ulishuka mwaka wa kwanza, kisha ukarudi. Familia ilikuwa imeuza ng'ombe au kiwanja, majirani wanacheka, na mgonjwa anajificha. Sasa anatafuta pesa nyingine ili akafanyiwe tena.

Huyu ndiye tunayezungumza naye leo, pamoja na mume, mke na watoto wake. Upasuaji wa pili unawezekana na huwasaidia watu, lakini si wa kukimbilia. Anayekwenda bila kujua kwa nini wa kwanza ulishindwa huenda akabeba tatizo lile lile hadi kitanda kipya.

Kwanza, ujue ulifanyiwa nini

Wengi wakiulizwa hujibu tu kuwa "nilifanyiwa upasuaji wa tumbo." Jibu hilo halitoshi, kwani njia ziko nyingi na kila moja hushindwa kwa namna yake.

Puto si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa maji au hewa, likachukua nafasi ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe mapema. Hukaa takriban miezi 6, na mengine hadi 12, kisha hutolewa. Likishatolewa, nafasi iliyokuwa imezibwa iko wazi tena. Aliyelitumia muda ule kujifunza kula upya hubaki na faida. Aliyelitegemea puto peke yake, uzito humrudia.

Mkanda ni pete inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Uliwahi kutumika sana duniani, lakini siku hizi umepungua mno, kwani kwa wengi uliteleza au ulikula ndani ya nyama ya tumbo hadi ukalazimika kutolewa.

Upo upasuaji wa kukata mfuko wa chakula, ambapo takriban robo tatu au zaidi ya mfuko huondolewa na kubakia bomba jembamba. Huu ndio unaofanyika zaidi duniani hivi sasa. Ukishindwa, mara nyingi ni kwa sababu bomba lile limetanuka, au mgonjwa amepata kiungulia kikali kisichosikia dawa.

Mwisho ni baipasi ya tumbo. Daktari hutengeneza kifuko kidogo cha juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya mfuko. Nayo huweza kupata matatizo: kifuko au maungio kutanuka, kidonda kwenye maungio, au tundu linalorudisha chakula katika mfuko wa zamani.

Je, kweli umeshindwa?

Hapa watu wengi hujidhulumu. Mtu aliyekuwa na kilo 130 akashuka hadi 88, kisha baada ya miaka mitatu akawa na 95, hajashindwa. Kupanda kidogo baada ya mwaka wa pili ni jambo la kawaida. Mwili umeumbwa kulinda akiba yake, hivyo unapopungua huongeza njaa na kupunguza matumizi ya nguvu. Kama kisukari kimetulia na magoti yanabeba sijda, hiyo ni neema ya kushukuriwa, siyo sababu ya kisu kingine.

Kushindwa ni pale uzito ulipokataa kushuka tangu mwanzo, au ulipopanda na kurudisha maradhi. Ni pia pale palipotokea madhara kama kutapika kila siku, kushindwa kumeza, kiungulia cha kuamsha mtu usiku au upungufu mkubwa wa lishe. Huyu wa mwisho anaweza kuhitaji upasuaji wa pili hata kama amekuwa mwembamba.

Sababu zenyewe huwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni tumbo lenyewe, yaani lile umbo lililotengenezwa limeharibika. Hili hugunduliwa kwa vipimo, halijulikani kwa kukisia.

Fungu la pili ni ulaji na maisha. Mfuko mdogo huzuia sinia la pilau, lakini hauzuii chai ya sukari, soda, juisi, uji uliokolezwa sukari, biskuti na karanga za kutafuna tangu asubuhi hadi usiku. Vitu laini na vitamu hupita upesi, mtu hashibi, na uzito unapanda huku akiapa kuwa "sili kitu." Hasemi uongo, kwani sahani yake kweli ni ndogo. Tatizo liko katika kikombe. Wengine hula kwa sababu ya huzuni, upweke au ugomvi wa nyumbani, na hakuna mkasi unaokata huzuni.

Fungu la tatu ni maradhi mengine na dawa. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, dawa kama prednisoloni, baadhi ya dawa za kifafa na za maradhi ya akili, insulini na sindano za uzazi wa mpango zinaweza kuchangia kupanda kwa uzito. Usiache dawa yoyote kwa kusoma makala hii. Ipeleke kwa daktari aiangalie.

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Diego Maradona wa Argentina. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito nchini Colombia mwaka 2005, akapungua sana. Baada ya miaka 10, mwaka 2015, alikuwa tena kitandani nchini Venezuela akifanyiwa wa pili. Pesa na madaktari hakuvikosa. Basi na ijulikane kuwa jambo hili linampata hata mwenye uwezo, wala si aibu ya mtu wa kijijini peke yake. Waislamu tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina mabaya, na mwenye kumcheka mgonjwa wa unene ajue anachokichuma.

Kwa nini wa pili ni mzito zaidi

Baada ya upasuaji wa kwanza, viungo vya ndani hushikana kwa makovu. Daktari hufanya kazi katika njia iliyokwishapitwa, na damu haifiki vizuri kila mahali. Kwa hiyo hatari ya kuvuja kwenye mishono, kutoka damu na kupata maambukizi ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Aidha, kwa kawaida kilo zinazopungua safari ya pili ni chache kuliko za ile ya kwanza. Haya yasemwe wazi kabla pesa haijatolewa.

Isitoshe, siku hizi kisu siyo njia pekee. Zipo dawa za sindano za kupunguza uzito, kama semaglutide, ambazo kwa baadhi ya watu hutosha kurudisha mafanikio ya upasuaji wa kwanza. Ni ghali na zinahitaji usimamizi wa daktari, lakini ni haki yako kuuliza habari zake.

Maandalizi: miezi, siyo siku

1. Tafuta faili lako. Iandikie hospitali iliyokufanyia, omba ripoti ya upasuaji, picha na majibu ya vipimo. Kama ni nje ya nchi, omba kwa simu au barua pepe, au mtume jamaa aliyeko huko. Ripoti ile ndiyo ramani ya daktari mpya.

2. Andika historia ya uzito wako. Ulikuwa na kilo ngapi, ulishuka hadi ngapi, ulianza kupanda lini, na wakati huo kilitokea nini: ujauzito, msiba, kuacha kazi, dawa mpya? Kisha nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe kila wiki, kwa mizani ile ile, pamoja na presha na sukari.

3. Andika kila unachokula na kunywa kwa wiki mbili, hata vijiko vya sukari. Usimwandikie daktari, jiandikie wewe na Mola wako anayekuona.

4. Fanyiwa vipimo. Muhimu ni kuangaliwa ndani ya mfuko wa chakula kwa mpira wenye kamera (endoskopi), na eksirei ya kunywa dawa nyeupe inayoonesha njia ya chakula. Wengine huhitaji CT-Scan. Vijidudu vya Helicobacter pylori vipimwe na vitibiwe. Damu ipimwe wingi wake, madini ya chuma, vitamini B12, foliki, vitamini D, kalsiamu, protini, figo, ini, tezi na wastani wa sukari wa miezi mitatu. Anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini amwambie daktari wa usingizi, kwani hilo linaweza kuhatarisha maisha yake.

Vipimo vingine vinaweza kuanzia hospitali ya wilaya, Haydom au hospitali ya mkoa mjini Babati. Uliza kabla ya safari kipi kinapatikana wapi, ili usilipie nauli bure.

5. Jaza upungufu kwanza. Mtu anaweza kuwa mnene na papo hapo akawa na utapiamlo, jambo linaloonekana sana kwa waliokwishafanyiwa baipasi. Damu ikiwa pungufu kidonda huchelewa kupona. Anayefanya hijama asiifanye karibu na upasuaji bila kumshauri daktari.

6. Acha tumbaku ya kila aina, ya kuvuta na ya kunusa, wiki 6 kabla au zaidi, na usiirudie. Tumbaku huzuia kidonda kupona na huleta vidonda kwenye maungio ya tumbo.

7. Jizoeze chakula cha baadaye kuanzia sasa. Tumejaaliwa maharage, mbaazi, dengu, mayai, maziwa, mtindi, kuku na mboga. Anza na protini, kisha mboga, mwisho ugali kidogo. Tafuna taratibu. Usinywe maji pamoja na chakula, acha takriban nusu saa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, kuwa mwanadamu hutoshwa na matonge machache, na akiwa hana budi basi agawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Aliyefanyiwa upasuaji huu hana tena hiari katika jambo hilo.

Takriban wiki mbili za mwisho daktari huagiza chakula chepesi zaidi, chenye wanga na mafuta kidogo, ili ini lisinyae na kumpa nafasi ya kufanya kazi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide ni lazima apunguziwe dozi kipindi hicho, vinginevyo sukari inaweza kushuka hadi akazimia.

8. Taja dawa zako zote: za presha, za kuyeyusha damu, sindano za kupunguza uzito (hizi huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo ni hatari wakati wa usingizi wa dawa), miti shamba, hata habasoda. Daktari hakusuti, anataka uamke salama.

9. Wanandoa wazungumze. Mke asishike mimba kwa muda wa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi vizuri baada ya baipasi. Jambo hili lipangwe na wote wawili kabla ya safari.

10. Uliza maswali haya na upate majibu: Ni nini kilichoharibika? Utafanya njia gani, na kwa nini hiyo? Umeshafanya za marudio ngapi? Nikivuja, nani atanishughulikia na gharama ni ya nani? Bima italipa kiasi gani? Anayekasirika kuulizwa, mwache.

Usafi na ibada

Tibu meno mabovu mapema. Siku ya kuamkia upasuaji na asubuhi yake oga kwa sabuni mwili mzima, ukisafisha vizuri kitovu na mikunjo ya ngozi ambako fangasi hupenda kukaa. Usinyoe tumbo kwa wembe nyumbani, kwani mikwaruzo hufungulia vijidudu mlango. Kata kucha, ondoa rangi ya kucha, vua vito.

Saumu ya chumba cha upasuaji nayo ina masharti yake. Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa 6 kabla na maji saa 2, lakini mwenye kiungulia au mkanda anaweza kuagizwa muda mrefu zaidi. Asidanganye. Chakula kikipanda wakati amelala huingia mapafuni, na kinaweza kuua.

Baada ya upasuaji kidonda kisichoruhusiwa maji kifunikwe, na mgonjwa apanguse juu ya bandeji katika udhu wake. Akishindwa kabisa kutumia maji atatayamamu. Sala ataisali kwa kukaa au kwa kulala kadiri ya uwezo wake. Dini yetu ni nyepesi.

Lipo na jambo la heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Muulize daktari mapema kama ipo nyingine, kama vile fondaparinux ambayo hutengenezwa maabara. Kama haipo, muulize sheikh wako juu ya hukumu ya dharura kabla ya siku yenyewe. Usiikatae peke yako kitandani, kwani damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni ni miongoni mwa vinavyoua watu baada ya upasuaji huu.

Kuhusu Ramadhani, usipange kufunga katika miezi ya mwanzo. Madaktari wengi hushauri kusubiri mwaka mmoja au zaidi, kwani mgonjwa hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja wakati wa futari. Mgonjwa ana ruhusa, na masuala ya kulipa au fidya yapo kwa masheikh wetu.

Safari na kurudi nyumbani

Kutoka Dar es Salaam hadi Katesh ni zaidi ya kilomita 700. Usipande basi mara tu ukiruhusiwa kutoka wodini. Kaa kwa jamaa karibu na hospitali hadi daktari aruhusu safari. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na ndani yake unaweza kusimama na kutembea. Kwenye basi shuka kila linaposimama, unyooshe miguu, na unywe maji kidogo kidogo.

Beba karatasi moja iliyoandikwa aina ya upasuaji, tarehe na simu ya daktari, kisha ipeleke zahanati ya kijijini kwako kabla hujaumwa. Sisi matabibu wa huku tunaihitaji. Mpira wa puani usiingizwe tumboni mwako kwa kukisia. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani zinaweza kutoboa maungio ya baipasi. Na ukiwa umetapika siku nyingi, mkumbushe mhudumu juu ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwani bila hiyo ubongo unaweza kudhurika.

Kimbilia hospitali usiku huo huo, usisubiri gulio liishe wala mvua ikatike, ukiona mapigo ya moyo kwenda mbio bila kutulia, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, kushindwa kupumua, kutapika kusikokoma, choo cheusi kama lami, au mguu mmoja kuvimba.

Mwisho, familia yote iingie katika maandalizi haya. Haiwezekani mama apikiwe mboga peke yake huku sinia la wengine limejaa vitumbua na soda iko mezani. Vitamini zitanunuliwa maisha yote, na kipimo cha damu kila mwaka kina gharama yake. Familia isiyoweza kuzihudumia gharama hizo baada ya upasuaji, bado haijawa tayari kwa upasuaji. Ianze na faili, mizani na daftari la chakula, ambavyo gharama yake ni ndogo. Wapo wanaogundua kwa hivyo vitatu kuwa kisu cha pili hawakihitaji, na wanaokihitaji huenda wakiwa na nguvu ya kukistahimili.

Mwili ni amana. Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuihifadhi amana hiyo. Wabillahi tawfiq.